Mwatumu binti Kasanda, Kulia kwa Gurudumu

1

TANGAZO KWA WANACHAMA WOTE
WA KUNDI LA WAPENZI WA RELI NA MOSHI

Mnakumbushwa kuwa picha zinazoruhusiwa humu ni za injini, mabehewa, stesheni, madaraja na ishara za reli. Picha za harusi, za mahafali na za watu waliosimama mbele ya treni wakicheka hazihusiki. Endapo mtu ameingia kwenye picha kwa bahati mbaya, akatwe kwanza, ndipo picha itumwe.

Kumbukumbu za familia zilizofanya kazi reli zinapokelewa kwa maandishi. Zisizidi mistari mitano.

Z. Lukwaro
Mwenyekiti na Msimamizi wa Kundi


2

Akatwe.


3

Bibi Nyanzala alilisoma tangazo hilo akiwa kibarazani kwake, Tabora, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, simu kaishika mbali na uso kama mtu aliyeshika kuku wa utitiri. Akalisoma tena kwa sauti, ili na jirani asikie. Kisha akacheka kile kicheko chake cha kutikisa mabega kimyakimya, ambacho wanaomfahamu wakikiona huanza kutafuta viatu vyao.

Kazaliwa kota za reli, kakulia kota za reli, na meno ya utoto aliyang'oa kwa kuyafunga uzi kwenye mlango wa behewa la mizigo. (La meno ni uongo wake mwenyewe, lakini amelisema miaka mingi sana, sasa hata yeye analiamini.)

Baba yake, Rajabu Kapela, alikuwa fayamani: mtu wa kuulisha moto wa injini kwa koleo la mkaa, kutoka stesheni hadi stesheni. Mama yake, Mwatumu binti Kasanda, aliuza mayai ya kuchemsha kwenye jukwaa la Itungulu, stesheni ndogo ambayo injini zilisimama kunywa maji.

Kati ya hao wawili, nani alikuwa mtu wa reli?

Jibu kwanza, ndipo uendelee kusoma.


4

Picha alizotuma Bibi Nyanzala kundini mara baada ya tangazo, na yaliyofuata:

Harusi ya shangazi yake. Bibi harusi katikati, wapambe kushoto na kulia, nyuma kabisa moshi.
MWENYEKITI: Bibi, injini iko wapi?
BIBI NYANZALA: Huo moshi ulidhani ni wa pilau?

Kiwiko cha mzee Kapela kimetokeza dirishani. Kiwiko tu.
MWENYEKITI: Bibi, injini haionekani.
BIBI NYANZALA: Hicho kiwiko ndicho kilichokuwa kinaisukuma.

Mbuzi.
MWENYEKITI: Bibi!!!
BIBI NYANZALA: Mbuzi huyu alisimamisha treni ya barua. Kwa hiyo ni ishara ya reli.

Kundi zima likacheka. Mwenyekiti hakucheka, lakini hakumtoa pia. Kulikuwa na kitu anakitaka.


5

Alitaka picha moja.

Wapenzi wa reli walikuwa wameisikia kabla ya kuiona. Injini ya moshi namba 4417, ubavu mzima kuanzia pua hadi mkia, imesimama Itungulu mvua imetoka kunyesha, chuma kinang'aa kama kimepakwa mafuta ya nazi. Injini yenyewe ilishakatwakatwa zamani ikauzwa chuma chakavu. Picha ilibaki sandukuni kwa Bibi Nyanzala, katikati ya shuka mbili, inanukia karafuu.

Mwenyekiti Lukwaro alikuja kibarazani kavaa suti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo suti ni ya kuja kwangu au ya kuja kwa injini?"

"Mama nawe! Tunaandaa maonyesho, pale kwenye ukumbi wa zamani wa abiria. Hii picha tutaikuza."

"Iwe kubwa kiasi gani?"

"Ukuta mzima."

Bibi Nyanzala akaivua miwani, akaifuta kwa kanga bila kutania. Wanaomfahamu wangeshtuka.

"Ukuta mzima," akasema. "Yaani na mama yangu?"

"Picha yote, mama."

Akampa. Jamaa akaipiga kopi, akairudisha kwa adabu ndani ya bahasha. Siku ile Bibi aliosha vyombo huku anaimba, na tangazo lao alikuwa amelisamehe. Mama yake, ukubwa wa ukuta! Kanga yake ukubwa wa ukuta. Yale mapua yake, ambayo Nyanzala ameyarithi na kuyalalamikia maisha yake yote, ukubwa wa ukuta.


6

Kisha sampuli ikatumwa kundini.

Injini namba 4417, Itungulu. Baba yuko dirishani, me
Gurudumu kubwa linaonekana lote, na mvuke chi
Kulia kwa gurudumu, beseni kichwani, mkono mmo
ma


7

[Ujumbe huu umefutwa na msimamizi.]


8

[Msimamizi amemwondoa Bibi Nyanzala.]


9

"Mama, usikasirike."

"Nani kakasirika? Nakuuliza tu, mama yangu umemweka wapi? Ulimchukua mzima."

"Maonyesho ni ya injini, mama."

"Baba yangu ni injini? Mbona yeye yupo?"

"Mzee Kapela alikuwa mtumishi. Ana namba ya kazi. Yule mama... nisamehe sana... yule alikuwa mchuuzi. Na wachuuzi walikuwa wamekatazwa jukwaani. Mgeni rasmi ni mkubwa kutoka makao makuu. Nimwonyeshe mtu anavunja sheria, ukuta mzima?"

Bibi Nyanzala akahamishia simu sikio la pili.

"Lukwaro."

Hakumwita Mwenyekiti. Hakumwita mwanangu.

"Naam, mama."

"Marehemu baba yako alikuwa anapanda treni?"

"Kila mwezi. Alikuwa inspekta."

"Akifika Itungulu alikuwa anakula nini?"

Simu ikakatika. Mtandao, alisema baadaye.


10

ILANI

NI MARUFUKU kwa mtu yeyote asiye mtumishi au abiria mwenye tikiti kuingia jukwaani kwa nia ya kuuza vyakula, matunda, asali, kuku hai au kitu kingine chochote. Atakayekaidi atachukuliwa hatua.

Kwa amri
Mkuu wa Stesheni, Itungulu

Ilani hiyo ilipigiliwa misumari mirefu, na Mwatumu aliifurahia sana, maana ukuta ule ulikuwa hauna pa kutundikia kanga.

Mkuu wa Stesheni alipenda mayai yenye kiini laini. Akiyataka alitoka nje, akakohoa, akasimama kuisoma ilani kwa sauti ya kutetemesha jukwaa zima, na mkono wake mmoja uko nyuma ya mgongo, kiganja kimefunguka.

Mwatumu alikuwa anapita nyuma.

Na chumvi anamwekea, kwenye kikaratasi.


11

Wewe unayejua kupiga picha utaielewa hii haraka. Usiyejua, sikiliza.

Zamani mtu akipiga picha ya injini alitafuta mtu wa kusimama karibu na gurudumu. Injini ikiwa peke yake haina ukubwa. Mtazamaji hawezi kujua kama ni ya kuvuta mizigo ya nchi nzima au ya kuvutwa na mtoto kwa kamba. Akisimama mtu, macho yanapata pa kuanzia. Mtu huyo waliita kipimo.

Siku ile Itungulu, bwana mpiga picha aliteremka na kamera yake ya miguu mitatu na kitambaa chake cheusi, akaangaza jukwaani.

"Wewe mama! Wa beseni! Njoo usimame hapa."

"Nina kazi."

"Dakika moja tu. Uwe kipimo."

Mwatumu akamtazama yeye, akaitazama injini, akamtazama mumewe aliyekuwa anacheka dirishani, uso masizi matupu, meno tu yanaonekana.

"Sawa. Ila beseni silitui."

"Litaharibu picha."

"Basi kampime mke wako."

Mpiga picha akaingia chini ya kitambaa chake. Mwatumu akasimama kulia kwa gurudumu, likamfikia kifuani. Beseni kichwani, mkono mmoja kiunoni, kidevu juu, kama yeye ndiye aliyeitengeneza ile injini na sasa anafikiria kama aiuze.

Hiyo ndiyo picha. Nzima.

Dakika moja ikawa nyingi. Kipenga kikalia, treni ikaondoka, beseni limejaa vilevile. Siku hiyo kwa Kapela walikula mayai mpaka watoto wakaanza kutembea kama wanatafuta pa kutagia.

Mwaka uliofuata Mwatumu alifariki. Nyanzala alikuwa hajaanza shule.

Picha nyingine ya Mwatumu

haipo.


12

[Yai la Kuchemsha amejiunga na kundi kwa kutumia kiungo.]


13

KITWANA WA MWANZA: Mwenyekiti, sampuli nimeiona. Samahani kuuliza, hii ni injini ya kweli au ya kuchezea?

FUNDI MSHAMU: Ya kuchezea. Mimi natengeneza za mabati, nazijua. Angalia unavyong'aa mgongo.

MWENYEKITI: Jamani! Hiyo ni 4417! Ilipigwa Itungulu!

KITWANA WA MWANZA: Mimi naona kama iko juu ya meza.

MAMA NDALAHWA: Meza ya nani?

YAI LA KUCHEMSHA: Ya Mwenyekiti. Hata kitambaa cha kufuma nakiona.

FUNDI MSHAMU: Na hizo si kokoto, ni mchele.

MWENYEKITI: Kuna mtu dirishani! Hamumwoni mtu?

FUNDI MSHAMU: Naona meno tu. Hata mimi zangu huwa naziwekea kisanamu cha udongo dirishani. Huyo ni udongo.

MAMA NDALAHWA: Udongo wenye meno?

FUNDI MSHAMU: Punje za mahindi meupe, mama. Ndiyo ufundi wenyewe.

MWENYEKITI: HUYO NI MZEE KAPELA!

Hapo Yai la Kuchemsha likaacha kuandika.


14

Alikuwa amecheka hadi machozi, mpaka walipomwita baba yake udongo.

Akaiweka simu juu ya mkeka, kioo chini. Sasa aliona jinsi kisu kinavyokwenda. Umemtoa mama, na baba naye kapungua. Baba kageuka kisanamu, stesheni nzima imegeuka meza ya mtu, na mvua ile iliyokuwa imetoka kunyesha imegeuka mafuta ya kung'arishia bati.

Alikwenda sandukuni, akaitoa picha, akaketi nayo kitandani.

Sauti ya mama yake haikumbuki. Amejaribu. Anakumbuka joto la yai kwenye kiganja, na harufu ya kanga iliyokaa karibu na mkaa. Uso anaujua kwa sababu ya karatasi hii tu, na watu wengine waliowahi kuuona uso ule wamelala wote. Akiondoka yeye, karatasi itabaki na mwanamke asiye na jina, kasimama kwenye gurudumu la watu.

Na kama itabaki ile ya ukutani, hata mwanamke hatakuwepo.

Hapana.

Hapana, alisema tena, sasa kwa sauti, na jirani akaitika, "Kuna nini, Bibi?"

"Nakataa!"

"Unakataa nini?"

"Nitakuambia nikishakataa vizuri."


15

TAARIFA YA KAMATI YA MAONYESHO

Kufuatia maswali ya wanachama kuhusu ukubwa halisi wa injini namba 4417, Kamati imekaa na kulitafakari suala hilo kwa kina. Ilipendekezwa na mjumbe mmoja (Mama Ndalahwa) kwamba mwanamke aliyekuwa kwenye picha arudishwe. Pendekezo halikupita.

Badala yake Kamati imeridhia kuchora rula upande wa kulia wa gurudumu.

Utata umekwisha.


16

Mimi ni rula.
Nimesimama alipokuwa amesimama mtu.
Nina mistari, nina namba, sina beseni.
Wananiuliza injini ni kubwa kiasi gani, nawajibu vizuri tu.
Wakiniuliza siku hiyo kulikuwa na njaa kiasi gani,
wakiniuliza nani alikuwa anacheka na nani,


17

Asubuhi ya maonyesho Bibi Nyanzala alioga, akajipaka, akajifunga kanga mpya, akavaa viatu visivyobana. Hili la viatu alilifikiria usiku kucha.

Ukumbi ulinukia rangi. Kutani walipanga madaraja, mabehewa, taa za ishara, saa za stesheni, vyote visafi, vyote havina mtu, kama nchi iliyohamwa watu wakasahau kuchukua reli. Mama Ndalahwa, mjane wa mtu wa kubadilisha njia, alikuwa amesimama mbele ya picha ya wenzo wa njia panda ya reli. Mumewe walikuwa wamemkata, ila mkono wake ulikuwa umeushika ule wenzo na hawakuweza kuutenganisha. Kwa hiyo waliuacha. Mkono, basi. Mwenyewe hayupo.

"Saa yake ile ya mkono," alisema Mama Ndalahwa. "Niliinunua mimi."

Bibi Nyanzala akambana bega, akapita.

Akaikuta 4417. Ukuta mzima, kweli Lukwaro hakudanganya hapo. Baba yuko dirishani. Gurudumu. Na rula, nyeupe, imenyooka.

Akageuka, akaipa rula mgongo, akasimama. Gurudumu la ukutani lilimfikia kiunoni. La kweli lilikuwa kubwa zaidi, lakini ukuta ndio ulioishia. Akaweka mkono mmoja kiunoni. Akainua kidevu.

Basi.


18

Yaliyosikika ukumbini:

"Toba! Kumbe ni kubwa hivi?" (Fundi Mshamu. Kofia mkononi.)

"Bibi, sogea kidogo nipige picha ya injini."

"Piga. Nani kakuzuia?"

"Uko mbele yake."

"Niko kulia kwake. Kulia si mbele."

"Mama, tafadhali." (Mwenyekiti, suti ile ile, jasho jipya.) "Unaziba rula."

"Mimi ndiye rula."

"Mama, mgeni rasmi yuko getini."

"Mkaribishe. Mwambie asimame pale kwenye mwanga, ataniona vizuri."

"Nitamwita mlinzi."

"Mwite. Mlinzi ni mtoto wa Mwajuma wa kota namba tisa, nimemfunga nepi. Mwite tu."

Mlinzi akaitwa, akaja. Akafika.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

Akaondoka.


19

Wa pili alikuwa Mama Ndalahwa. Hakuaga mtu. Alikwenda akasimama pale mkono wa mumewe ulipokatikia, bega lake kwenye ule mkono, ukawa kama umemkumbatia.

Kisha mzee mmoja akasimama chini ya taa ya ishara, mahali dada yake alipokuwa anauza karanga.

Kisha mwingine. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasimama mbele ya daraja, akaulizwa nani wake alikatwa hapo, akasema hajui, lakini daraja halikujijenga.

Kutani kukaanza kujaa.


20

Mgeni rasmi alikuwa mtu mpole mwenye miwani mizito. Alipita picha moja moja, na kila picha ilimsalimia. Mbele ya 4417 akasimama. Akasoma karatasi ya maelezo iliyobandikwa pembeni: Injini namba 4417. Dirishani: R. Kapela, fayamani. Akainua uso.

"Na wewe, mama?"

Lukwaro akawahi. "Huyu ni mgeni tu, mheshimiwa, ame—"

"Mwatumu binti Kasanda," akasema Bibi Nyanzala. "Nauza mayai jukwaani bila kibali. Nichukulie hatua."



Mgeni rasmi akairudia karatasi, juu hadi chini. Akamgeukia Mwenyekiti.

"Hapa hayumo."

"Tulikuwa... Kamati ilikuwa inalitafakari, mheshimiwa."

"Aa," alisema mgeni rasmi. Ikawa vigumu kujua ile aa ni ya namna gani. Akaendelea na picha inayofuata.


21

Mpaka mchana kundi la Wapenzi wa Reli na Moshi lilikuwa limejaa. Kila aliyepiga picha ukumbini alituma, na katika kila picha kulikuwa na mtu, na chini ya kila mtu jina, kama mtu mwenyewe alivyolitamka. Mama Ndalahwa na mkono wa Petro Ndalahwa. Mwatumu binti Kasanda, kulia kwa gurudumu. Mwatumu binti Kasanda, kulia kwa gurudumu. Tena Mwatumu, kutoka upande wa mlangoni. Tena.

[Ujumbe huu umefutwa na msimamizi.]

Mwatumu binti Kasanda, kulia kwa gurudumu.

[Ujumbe huu umefutwa na msimamizi.]

Mwatumu binti Kasanda, kulia kwa gurudumu.
Mwatumu binti Kasanda.
Mwatumu.

Msimamizi ana kidole gumba kimoja. Hebu kihurumie.


22

Wageni wamepungua. Jua limeingia ukumbini kwa dirisha la magharibi na kulala sakafuni. Magoti ya Bibi Nyanzala yanamwambia mambo ambayo hayafai kuandikwa, naye anayajibu kimoyomoyo, kwa lugha ile ile.

Lukwaro amekuja. Koti kalivua. Amesimama mbele ya karatasi ya maelezo, kalamu ya wino mkononi, kifuniko cha kalamu kakiuma kwa meno. Chini ya jina la Kapela pana nafasi. Ni ndogo, lakini mtu akitaka itatosha.

Hajaandika.

"Nikiandika," anasema na kifuniko mdomoni, "kila mtu atataka wake aandikwe."

"Ehe," anasema Bibi Nyanzala.

"Karatasi haitatosha, mama."

"Ehe."

Mlinzi anapita anafunga madirisha, moja baada ya jingine, kwa kelele nyingi kuliko inavyohitajika, ili wote wasikie na asimfukuze mtu kwa mdomo. Mama Ndalahwa hajatikisika. Wa karanga hajatikisika. Mtoto wa darajani amelala mgongoni.

"Bibi," anasema mlinzi, funguo mkononi, macho kwenye viatu vyake. "Tunafunga."

"Funga tu, mwanangu," anasema Bibi Nyanzala. "Umeona wapi picha inarudi nyumbani?"